Kijani kwa Duara Namba Tisa

Hadi saa mbili kasorobo asubuhi ile, mashine ilikuwa imemwamkia Mzee Selestine mara arobaini na moja, naye alikuwa ameitikia zote. Nilizihesabu. Nilikuwa nimesimama mbele ya kompyuta ya ofisi, mkoba ungali begani, na kila nilipofuta barua pepe moja zilishuka tatu. "Shikamoo. Taarifa yako imepokelewa." "Marahaba mayu, tunashukuru, mmeamkaje huko mjini?" "Shikamoo. Taarifa yako imepokelewa." "Marahaba mayu, sisi tumeamka, sijui ninyi." Wasimamizi wengine wa machimbo nao walikuwa wameshaona kwamba kuna salamu zinaendelea kwenye kikundi, na mtu aliyelelewa vizuri hapiti penye salamu akanyamaza. Msimamizi wa namba tatu akasalimia. Wa namba kumi na nne akamwamkia wa namba tatu. Mashine, kwa adabu niliyoipa mimi mwenyewe, ikawaamkia wote.

Jina langu ni Agnetha, ingawa kuanzia hapa mtaani Nyahanga hadi machimboni hakuna anayelitumia. Mimi ni Mama Luka. Nina miaka sita nikiwa katibu wa umoja wa wachimbaji wadogo. Ofisi yetu ni chumba kimoja mjini Kahama, juu ya duka la pampu na kamba, na machimbo yetu yako Nyamalulu, mwendo wa saa mbili kwa gari ukielekea upande wa Geita. Tuna maduara kumi na manane huko. Duara ni shimo lililonyooka chini mita arobaini, hamsini, na kuta zake zinashikiliwa na magogo tunayoyaita matimba. Matimba yakiwa mazima, watu wanashuka wakatafute dhahabu. Yakichoka, hakuna haja ya kueleza.

Mwaka juzi mkaguzi wa migodi alituwekea utaratibu. Kila asubuhi msimamizi wa duara akague matimba, aandike hali aliyoikuta, aitume kwa barua pepe ya kikundi pamoja na picha. Mimi nisome, nijaze jedwali la pamoja ambalo kila msimamizi analiona kwenye simu yake. Kijani, watu washuke. Nyekundu, wakae juu mpaka Benjamini, bwana usalama wetu, afike kuangalia. Bila rangi, hakuna anayegusa kamba.

Ni utaratibu mzuri kwa anayeusikia. Kwa anayeufanya ni adhabu. Ningekuwa ninaletewa mstari mmoja, "matimba mazima, maji hakuna," ningemaliza kumi na nane kabla chai haijapoa. Lakini nani Nyamalulu anayeandika hivyo? Wanaandika barua. Mzee Selestine wa namba tisa, Msukuma wa Kishapu anayeniita mayu, yaani mama, na aliyejifunza kuandika barua enzi za bahasha na stempu, ndiye aliyekuwa akiniua kabisa. "Kwako Mama Luka, ni matumaini yangu barua hii itakukuta u mzima wa afya. Sisi wa namba tisa tumeamka salama, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na macho yetu." Aya ya pili ilikuwa ya mvua. Aya ya tatu ilikuwa ya ng'ombe wake na magoti ya mkewe, na ya Luka wangu anayesoma Dodoma, kama amekwisha kuzoea chakula cha huko. Ndipo, kwenye aya ya nne au ya tano, lingekuja neno "Lingine," na baada ya hilo lingine, habari niliyokuwa nikiitafuta tangu mwanzo.

Nilikuwa ninamaliza saa tatu na nusu. Wakati huo watu mia mbili na zaidi wamekaa juu ya mawe yao tangu saa mbili, wamekunja mikono, wananisema. Simu ilikuwa haikomi. "Mama Luka, rangi!" Hata mwenyekiti wetu alikuwa ananitazama kwa jicho la kwamba huyu mama sasa amezeeka.

Sneha ndiye aliyeniletea mashine. Ni binti wa Mama Jasumati, mwenye duka la vifaa vya ofisi pale barabara kuu, na binti huyo ndiye hutengeneza kompyuta za nusu ya mji huu. Naiita mashine, lakini haina chuma wala waya. Ni maagizo yaliyofungwa pamoja huko kwenye mtandao. Alinichorea kwenye kioo cha kompyuta, visanduku na mishale. "Hapa barua inaingia. Hapa inachukua picha inaziweka kwenye folda ya pamoja. Hapa inanakili sentensi mbili za kwanza inazipeleka kwenye jedwali, wewe unapaka rangi tu. Hapa inamjibu aliyetuma. Huhitaji kujua lugha yoyote ya kompyuta, Mama Luka. Unaburuta, unaachia." Nikaburuta, nikaachia. Nilijisikia msichana.

Tulipofika kwenye kisanduku cha jibu, Sneha aliandika, "Taarifa yako imepokelewa." Nikakataa. Mzee Selestine ni rika la baba yangu. Siwezi kumtupia maneno makavu namna hiyo alfajiri. Nikaongeza "Shikamoo" mwanzoni kwa mkono wangu, nikaondoka nikiwa nimejiridhisha kwamba nimefanya jambo la kiungwana.

Basi asubuhi ile ya marahaba arobaini na moja Sneha alipanda ngazi mbio, akaangalia kioo, akacheka mpaka akakaa chini.

"Shikamoo, Mama Luka," alisema akifuta machozi.

"Usinitajie neno hilo."

"Lakini wewe ndiye uliyeiambia iamkie."

"Niliiambia iamkie mara moja! Mtu akiitikiwa hanyamazi?"

"Haijui kwamba imeitikiwa. Kwake kila barua ni taarifa mpya. Wao wanaitikia, yenyewe inaamkia tena, na wao hawawezi kuacha shikamoo hewani."

Hapo hasira zilinipanda kweli, na sina sababu ya kuzificha. Nilikuwa nimewakasirikia wote: mashine isiyojua kunyamaza, wazee wasiojua kuacha, na hasa huyo wa namba tisa, ambaye hata nilipompigia simu kumsihi asiitikie tena aliniuliza kwanza nimeamkaje. Nikamwambia Sneha aondoe majibu yote. Asijibiwe mtu. Kisha nikamwambia jambo la pili.

"Hiyo rangi nayo, iipake yenyewe."

"Yenyewe vipi?"

"Sentensi mbili za kwanza zikiwa na neno salama, au wazima, ipake kijani. Zisipokuwa nalo, iache wazi, nitaangalia mimi. Inawezekana?"

"Inawezekana." Alizungusha kalamu kati ya vidole vyake. "Lakini hapo pa rangi mngemwachia mtu, Mama Luka."

"Mtu mwenyewe ni mimi," nilisema, "na mimi nimechoka."

Nilimpigia Benjamini, aliyekuwa anajiandaa kwenda Shinyanga mjini kwa mafunzo ya wiki nzima. Alisikiliza, akasema ni wazo zuri, litatupunguzia lawama. Sneha akaburuta kisanduku kimoja zaidi, akaachia.

Jumatatu iliyofuata nilifika ofisini saa moja na nusu nikakuta jedwali limejaa. Kumi na nane kwa kumi na nane, kijani tupu. Saa mbili kamili watu walikuwa chini. Jumanne hivyo hivyo, na Jumatano. Simu ilinyamaza. Nilipanga mafaili yaliyokuwa sakafuni tangu mwaka jana, nikanywa chai ikiwa moto, nikashona vifungo viwili vya gauni langu. Mwenyekiti alipita akasema, "Sasa hii ndiyo ofisi." Nilifurahi, tena sana. Ila kuna jambo sikulitegemea: mnamo saa tatu, wakati ambao zamani ningekuwa katikati ya barua za watu, nilijikuta sijui mvua ya Nyamalulu imefikia wapi, wala kama yale magoti yamepata nafuu. Nikajiambia hayo hayanihusu.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Sneha alikuja kurekebisha printa yetu. Nilitaka tucheke kidogo. Nikamwambia aache printa aje asikilize jinsi wazee wetu wanavyoandika, nikafungua kikasha cha barua pepe, nikachagua barua ya Mzee Selestine ya siku hiyo hiyo, nikaanza kuisoma kwa sauti yake, na ile lafudhi ya Kishapu nikaipatia vizuri. Sneha alikuwa anacheka. Nikasoma salamu, nikasoma mvua, nikasoma kwamba ndama aliyezaliwa wamempa jina langu. Tulicheka hapo kwa muda. Nikaendelea.

"Lingine, mayu, ni yale matimba ya ubavu wa mashariki niliyokueleza juzi na jana. Leo yamepinda zaidi, na udongo unadondoka hata pasipo mtu kugonga. Mimi kwa akili yangu ningewazuia watu. Ila juzi ulinijibu kijani, na jana ukanijibu kijani, na ninyi huko mna wataalamu. Leo pia nangoja rangi yako. Ikiwa kijani, tutashuka. Wasalimie wote."

Sauti ya Kishapu ilikuwa imeniishia katikati. Nililifungua jedwali. Namba tisa. "Kwako Mama Luka, ni matumaini yangu barua hii itakukuta u mzima wa afya. Sisi wa namba tisa tumeamka salama." Kijani. Barua ilikuwa imeingia saa kumi na mbili na dakika thelathini na moja. Rangi ilikuwa imepakwa dakika hiyo hiyo, nikiwa bado nyumbani ninatafuta viatu.

"Wako chini," alisema Sneha.

Nilimpigia Mzee Selestine. Hapatikani; maana yake yeye naye yuko chini, ambako hakuna mtandao. Nikampigia tena, kijinga tu, kisha nikampigia Dorah, msimamizi wa namba kumi, ambaye duara lake liko hatua hamsini kutoka kwake.

"Mama Luka! Shikamoo mama. Za siku nyingi? Siku hizi hata hutupigii. Luka hajam..."

"Dorah, Mzee Selestine yuko wapi?"

Aliponijibu alikuwa ameshusha sauti kabisa. "Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu. Matimba ya namba tisa yanaachia. Watoe watu, Dorah. Kimbia!"

Hakuuliza la pili. Hakukata simu wala hakuiweka sikioni. Nilisikia kandambili zake zikipiga changarawe, pumzi zake, kisha chuma kikigongwa mfululizo na Dorah akipiga kelele za Kisukuma nilizozielewa nusu. Sneha alikuwa amenishika mkono na sikujua ni tangu saa ngapi. Nilijichukia. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Sikuwa na huzuni wala hofu bado, nilijichukia tu, mimi na vifungo vyangu viwili vya gauni.

Kutoka mita arobaini watu hawapandi kwa pamoja. Wanavutwa mmoja mmoja kwa kamba. Dorah alikuwa ananihesabia kila anayetokea mdomoni mwa duara, na chini walikuwa kumi na wawili. Wa nne. Wa tano. Kati ya wa sita na wa saba paliingia kimya kirefu nikadhani salio limekwisha. Wa nane, wa tisa, wa kumi. Kisha pakasikika mlio mzito, si mkubwa, kama gunia la mahindi lililoshushwa vibaya kutoka kwenye lori, na watu wote huko juu wakapiga ukelele mmoja.

"Dorah!"

"Gogo limeanguka. Limempiga Abel. Mzee yuko naye, anamfunga kamba."

Sneha alikuwa ameshampigia Benjamini kwa simu yake. Alikuwa ameacha mafunzo Shinyanga, yuko barabarani, amefika Tinde, atapitiliza moja kwa moja hadi machimboni. Nilikuwa nimebana simu kwenye sikio mpaka linauma. Nilisikia kamba ikilalamika kwenye gogo la kuvutia huko juu, nikasikia "vuta, vuta," nikasikia mwanamume akiguna kwa maumivu, na kamba ikishushwa tena tupu. Ilichukua muda mrefu kupanda safari ile ya mwisho.

Kisha simu ikabadilisha mikono, na kuna mtu akasafisha koo.

"Mayu."

"Shikamoo baba," nilisema, na hapo ndipo machozi yalipokuja.

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo."

"Na Luka?"

"Mzima, baba."

"Haya. Sisi tumepanda sote. Abel bega limeteguka, wanampeleka zahanati, lakini anaongea, anadai kofia yake." Alikohoa tena, vumbi lilikuwa limemjaa kifuani. Sikumharakisha. "Lingine, mayu, nilitaka kukuuliza. Zile barua zangu za juzi na jana, ulizisoma ukaona bado ni sawa? Nauliza ili nijue siku nyingine. Labda mimi ndiye niliyepima vibaya."

Alikuwa ananiuliza kwa nia njema kabisa. Alikuwa tayari kuamini kwamba miaka yake ishirini chini ya ardhi imekosea na rangi yangu imepatia. Ningeweza kumwambia ndiyo. Sneha, aliyekuwa anasikia yote, aliinamisha kichwa akaanza kukusanya karatasi zisizohitaji kukusanywa.

"Sikuzisoma, baba."

"Hizo mbili?"

"Zote. Tangu Jumatatu. Kuna mashine, ndiyo inayosoma siku hizi. Inasoma mwanzo wa barua."

"Mwanzo tu?"

"Mwanzo tu."

"Na kijani?"

"Ni yenyewe."

Kwa mbali nilimsikia Dorah akiwafukuza watu kwenye mdomo wa duara.

"Mwanzoni si kuna salamu tu," alisema hatimaye. Hakuwa analaumu. Alisema taratibu, jinsi mtu anavyogonga gogo kwa kifundo cha kidole asikilize kama ndani kuna kitu.

"Ndiyo, baba."

"Haya, mayu," akasema, na akamrudishia Dorah simu yake.

Benjamini alifika Nyamalulu saa nane mchana akalifunga duara. Alinipigia, akaanza kuniambia kwamba sote tuliafikiana, kwamba kosa si la mtu mmoja, nikamwomba aniache kidogo. Kisanduku cha rangi nilikiondoa mwenyewe. Kilitoka kwa wepesi ule ule kilioingia nao. Sneha aliniuliza kama aondoe na vingine, nikamwambia picha ziendelee kwenda kwenye folda, hizo hazina ubaya. Maneno nitasoma mimi. Mwenyekiti akikasirika, na akasirike. Watu wakae juu ya mawe mpaka saa nne wakitaka, wanitukane kwa majina yote wanayoyajua.

Ijumaa nilikuwa ofisini saa kumi na mbili asubuhi, mlinzi wa duka la pampu hajamaliza hata kufagia. Niliwasha kompyuta, nikaweka daftari na kalamu mbele yangu, nikafungua dirisha. Sikuwa na haraka. Nilikuwa nimejiandaa kwa mvua na ng'ombe na magoti, kwa barua kumi na nane, ndefu kadiri zitakavyokuwa. Nilikuwa hata nimefikiri nitamjibu nini juu ya huyo ndama.

Barua yake ilikuwa ya kwanza kuingia, saa kumi na mbili na dakika ishirini. Nikaifungua.

"Namba tisa limefungwa. Hakuna aliyeshuka. Selestine."

Niliisoma mara tatu. Kisha nikashika kipanya nikashusha ukurasa, nione kama kuna kitu kwa chini. Palikuwa peupe. Nikaendelea kushusha.